Pishi la Kufungulia Mashine

Kila asubuhi, kabla mumewe hajaizungusha hendeli ya injini, Generoza aliingia kwenye chumba cha mashine na pishi la mahindi yake mwenyewe, akayamimina yote kwenye domo la mashine, akatoka. Hakusema kitu. Alilikung'uta lile pishi la bati kwenye goti, akalitundika kwenye msumari juu ya mizani, akakaa kwenye kigoda chake kungoja watu.

Maana ya pishi lile kila mwanamke wa upande ule wa Kilosa aliijua. Mashine haianzi kazi na tumbo tupu. Unga wa kwanza unashika kwenye bomba, unashika kwenye ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kama soksi ya jitu, na mpaka mfuko ushibe, anayesaga wa kwanza anaondoka na pungufu. Wanaomfuata hawapungukiwi, kwa sababu mashine imeshakula. Ndiyo maana zamani, mashine ilipokuwa ya ushirika, hakuna aliyetaka kutangulia. Wanawake walifika alfajiri, halafu wakakaa mbali na mlango wakijifanya wanafunga kanga upya, kila mmoja akimsubiri mwenzake aliwe.

"Ingia wewe, si ndiye uliyewahi?"

"Nimewahi kupumzika tu, shoga. Ingia wewe mwenye haraka."

Na jua linapanda, na watoto nyumbani wana njaa.

Ushirika ulipokufa na soko likawa huria, mashine iliuzwa, na aliyeinunua alikuwa Makarius, yule yule aliyekuwa akiiendesha. Siku waliyokabidhiwa ufunguo, Generoza alisimama mlangoni akasema mbele ya watu, "Kwenye mashine yetu hakuna mtu ataliwa. Wa kuliwa ni mimi." Kesho yake akaanza. Mahindi aliyatoa Kisanga, kwenye shamba la mama yake, ardhi ya ukoo wao wa kikeni ambayo Makarius hakuwa na neno nayo. Pishi likijaa lilivuta mizani kilo mbili. Kilo mbili kila siku ya Mungu, mvua au jua, mwaka wa neema na mwaka wa njaa.

Basi jina likakaa. Mama Kasiani wa pishi. Kulikuwa na mashine nyingine karibu na daraja, mpya, yenye injini kubwa zaidi, na wanawake waliipita wakiwa na ndoo kichwani ili wafike kwake. Walikuwa wanatoka mpaka Tindiga. Walimsalimia kabla hawajatua mizigo. Generoza alikuwa mwanamke asiyecheka hovyo, lakini salamu zile alizipokea kama mtu anavyopokea haki yake.

Makarius alifanya kazi ndani peke yake. Vumbi la unga linaumiza kifua, alisema, kwa hiyo watu wakae nje. Generoza alipima mahindi, akayapitisha dirishani, yakakobolewa, yakasagwa, gunia la unga likarudi kwa dirisha lile lile. Unga haukupimwa. Wa nini kupimwa? Ada ilitozwa kwa uzito wa mahindi, na pumba zilibaki kwa mwenye mashine, ndiyo desturi ya kila mahali. Kati ya mteja na mteja ulisikia fimbo ndani ikipiga kitambaa: pu, pu, pu.

"Anasafisha," Generoza aliwaambia waliouliza. "Ili mahindi yako meupe yasichanganyike na ya njano ya mwenzio."

Limi alikuja siku moja ya kiangazi, na maneno yake yakaja naye. Alikuwa mke wa Shimba, Wasukuma waliohamia Tindiga na ng'ombe wao, mwanamke kijana, mrefu, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Alitua ndoo, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama Kasiani."

"Marahaba."

"Mama, nina neno. Lakini usinikasirikie."

Hapo Generoza alianza kukasirika.

"Mashine yenu inawala watu wadogo," Limi alisema.

Foleni yote iligeuka. Bibi Katarina, mwanamke mtu mzima aliyesaga pale tangu enzi za ushirika na aliyejihesabu kuwa msemaji wa foleni, alitoa ugoro mdomoni ili asikie vizuri.

"Inawalaje?" Generoza aliuliza.

"Juzi nilileta mahindi kilo kumi. Ulinipimia mwenyewe. Nikapeleka unga kwa wale wanunuzi wa mpunga wanaokuja na mizani zao, nikaomba wanipimie. Kilo sita. Nikanyamaza. Mume wangu naye akaleta thelathini, nikapeleka tena. Ishirini na mbili."

"Pumba hizo, mwanangu," alisema Bibi Katarina.

"Bibi, mahindi ni ya shamba moja, ghala moja. Pumba zangu zina mdomo mkubwa kuliko za Shimba?"

Watu walicheka. Mmoja alisema, "Pumba za mwanamke zina midomo yote, hujui?" wakacheka zaidi. Generoza hakucheka. Ilikuwa kama mtu amemtemea mate kwenye pishi lake, mbele ya wale wale waliokuwa wakimsalimia.

"Nyie mmezoea kuhesabu mikia ya ng'ombe," alisema. "Unga hauna mkia."

"Mkia haudanganyi, mama. Ng'ombe akikosekana mmoja, namjua ni yupi."

"Unasema tunaiba?"

"Nimesema mashine. Wizi umeutaja wewe."

Generoza alisimama. Kigoda kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Leo umeleta kiasi gani?"

"Kumi. Na lile gunia pale ni la Shimba, thelathini."

"Yapimwe, yasagwe, na unga upimwe hapa hapa, watu wote wakiona. Ukiwa mwongo utaniomba radhi kwenye mlango huu."

"Na nikiwa mkweli?"

Generoza hakuona kama swali hilo lilihitaji jibu.

Akapima, watu wamemzunguka. Kumi. Akaingiza dirishani. Ndani Makarius, na makelele yale ya injini, hakusikia lolote la nje. Alifanya kazi kama siku zote. Unga ulirudi: kilo sita. Pu, pu, pu, fimbo ikapiga. Likaingia gunia la thelathini. Unga ulirudi: ishirini na mbili. Pu, pu, pu.

"Haya," alisema Limi. Hakupaza sauti.

Hata hapo Generoza hakutetereka. Alikuwa na hakika, na hakika yake ilikuwa na hasira ndani yake. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha pili, kwa masista, hadi mimba ya Kasiani ilipoonekana akafukuzwa katikati ya muhula. Makarius, aliyempa mimba, hakufukuzwa popote; yeye aliendelea kuendesha mashine ya ushirika na kupiga mluzi. Somo la mwisho alilokaa darasani lilikuwa la mistari. Unapewa nukta mbili, unachora mstari unaozipitia zote mbili, halafu unatafuta mahali unapoukata ule mstari wa kusimama, pale ambapo kitu cha chini bado ni sifuri. Alikuwa amelimaliza zoezi lile na hakuna mtu aliyemsahihishia. Alitoka na mtoto tumboni na mstari kichwani.

Sasa aliokota kipande cha mkaa, akaenda kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

"Njooni mwone. Huu wa kulala chini ni mahindi: kumi, ishirini, thelathini. Huu wa kusimama ni unga. Hapa vinapokutana kwenye kona ni sifuri: huna mahindi, huna unga. Mahindi kumi, unga sita, naweka nukta hapa. Mahindi thelathini, unga ishirini na mbili, nukta pale juu. Pumba zinatokana na mahindi. Ukiwa na mengi zinakuwa nyingi, ukiwa na machache zinakuwa chache, na asiye na mahindi hana pumba. Kwa hiyo kama kinachopungua ni pumba tu, mstari wa nukta hizi mbili utashuka uingie kwenye kona. Mmeelewa?"

"Hata mimi nisiyesoma nimeelewa," alisema Bibi Katarina. "Asiye na kitu haliwi kitu."

"Shika hapa, bibi."

Akampa ncha ya uzi wa kushonea magunia, akaikandamiza chini ya kidole cha bibi kwenye nukta ya juu. Yeye aliupitisha uzi kwenye nukta ya chini, akauvuta ukakaza, akaendelea kuuvuta mpaka kwenye mstari wa kusimama. Uzi haukuingia kwenye kona. Ulipita chini yake.

"Bibi, umepandisha mkono."

"Mkono uko pale pale uliponiweka."

Generoza aliulegeza uzi, akauvuta upya, safari hii kwa nguvu hadi ukamkata kidole. Ulipita chini ya kona vile vile.

"Labda umechora vibaya," alisema mwanamke mmoja, kwa huruma, na huruma ile ikamuuma.

"Sijachora vibaya. Tuhesabu kwa mdomo. Kutoka thelathini kushuka mpaka kumi, mahindi yamepungua ishirini. Unga umetoka ishirini na mbili mpaka sita. Umepungua kumi na sita. Basi kila mahindi yakipungua kumi, unga unapungua nane. Si ndiyo?" Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayeteremka ngazi na hajaangalia chini. "Thelathini, ishirini na mbili. Ishirini, kumi na nne. Kumi, sita. Sifuri..."

Kutoka kwenye sita unaondoaje nane?

"Malizia, mama," alisema Limi.

"Sifuri, pungufu mbili."

"Kwa lugha yetu sisi wa mikia ya ng'ombe?"

Generoza alitazama mkaa mkononi mwake. "Ukija hapa mikono mitupu," alisema, "unaacha kilo mbili."

"Ala! Mimi niliyekuja kusalimia tu nina deni?" alisema mmoja nyuma. Hakuna aliyecheka.

Mwanamke aliyemfuata Limi kwenye foleni, aliyekuwa amepimiwa kilo ishirini, alikuwa ameshachukua unga wake dirishani. Bila kuambiwa na mtu aliutundika kwenye mizani. Kumi na nne. Mkaa ukutani ulikuwa umelisema hilo kabla yake. Na kutoka ndani, kwenye masikio ya foleni nzima, ikaja sauti waliyoisikia miaka yote na hawakuwahi kuisikiliza: pu, pu, pu.

Wote walitazama lile pishi kwenye msumari. Kilo mbili. Mashine iliyolishwa alfajiri ikashiba haina sababu ya kuona njaa tena saa nne, na tena saa nne na nusu, na tena kwa kila ndoo inayokuja, kubwa na ndogo sawasawa, isipokuwa kuna mtu anaitapisha kila baada ya mlo.

Generoza alisukuma mlango akaingia.

Makarius alikuwa mweupe tangu nyusi mpaka vidole vya miguu, fimbo mkononi. Chini ya mfuko hapakuwa na gunia la mtu. Palikuwa na debe, na unga ulikuwa bado unadondoka ndani yake. Nyuma yake lilisimama pipa lenye mfuniko, na nyuma ya pipa magunia mawili yaliyokwisha shonwa, yale ya Mikumi. Kila wiki alipeleka unga Mikumi, kwa akina mama wapishi wa kando ya barabara kuu wanaowalisha madereva wa malori. Alisema mahindi yake huyanunua Dumila. Generoza hakuwahi kuyaona mahindi ya Dumila. Hakuwahi kuuliza. Bati za nyumba zilitoka Mikumi, na kitenge alichokivaa wakati huo kilitoka Mikumi, na ugali alioula jana usiku akaushushia maji na kumshukuru Mungu, alikuwa hajui hata ni wa ndoo ya nani.

Akazima injini.

Sasa Makarius alikuwa mtu aliyezoea kuongea juu ya mngurumo. Injini ilinyamaza, sauti yake haikushuka. Kila neno lilitoka dirishani likaangukia kwenye foleni.

"Umeingiwa na nini, mwanamke?"

"Debe hilo ni la nani?"

"La kwangu. Unga wa kwenye mfuko ni wa mwenye mashine. Nchi nzima ndivyo ilivyo!"

"Tuliwaambia hataliwa mtu."

"Uliwaambia wewe. Mimi umenisikia nikisema?"

Ilikuwa kweli. Miaka yote hakusema. Alimwacha yeye aseme.

"Na pishi langu?" aliuliza Generoza. "Mahindi ya mama yangu, kila asubuhi. Uliyafanya nini?"

Makarius alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, na hilo ndilo lililokuwa baya; alicheka kama mume anayemtania mkewe.

"Pishi lako! Mke wangu, unadhani wanaipita ile mashine ya darajani kwa sababu ya sura yangu? Kanga anaingiaje mtegoni? Kwa punje anazomwagiwa. Wewe endelea kumimina tu. Katika biashara hii hakuna kilichotusaidia kama pishi lako."

Generoza alilivuta pipa. Lilikuwa zito, alilivuta kwa mikono miwili, likikwaruza sakafu, mpaka mlangoni, na Makarius, kwa mshangao, akamwacha. Akatungua pishi, akachotea unga, akamjazia Limi kwenye ndoo. Akamjazia mwenye kilo ishirini. Akalijaza tena, akamgeukia Bibi Katarina.

"Lete gunia, bibi."

Bibi Katarina hakuleta. Alikuwa anafunga kanga yake upya, macho chini, kama walivyokuwa wakifanya zamani wasiotaka kuingia.

"Na hizo kilo za miaka yote?" Limi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Mtazirudisha kwa kipimo gani?"

"Mimi sikujua, Limi."

"Ulikaa hapa kwenye mizani, mama. Mimi ninakaa Tindiga, na nilijua."

Hilo lilimwingia. Hasira yote aliyokuwa nayo, iliyokuwa imemgeukia Limi asubuhi na Makarius baadaye, ilirudi ikakaa kwake mwenyewe. Angejitetea kwa nini? Walikuja kwa ajili yake. Makarius walimwona dirishani, mikono tu. Aliyewaita mashambani kwao, aliyewafanya waipite mashine ya darajani na mizigo shingoni, alikuwa yeye.

Wakati huo akatokea mwanamke mwingine kutoka njiani, hajui lolote, jasho linamtiririka, ndoo kichwani. Ndoo yenyewe ilikuwa nusu.

"Hodi jamani. Mama Kasiani, shikamoo. Mnasaga leo?"

"Tunasaga!" alijibu Makarius, akijipangusa unga usoni. Akamnyang'anya Generoza pishi, akamwaga unga uliokuwamo ukarudi ndani ya pipa, halafu akamrudishia pishi tupu mkononi, taratibu, na kumwinamia sikioni. Lakini sauti yake haikujua kunong'ona. "Rudi ukakae. Wapoze hawa. Waambie mizani ilikuwa mbovu. Wewe watakuamini."

Watu wote walisikia. Na Generoza alimwona yule mwanamke mgeni, ndoo nusu kichwani, akimtazama yeye, si Makarius. Akimngojea yeye aseme.

Hakusema kitu, kama alivyokuwa hasemi kitu asubuhi. Aliliweka pishi chini, kwenye kizingiti, mdomo ukiwa juu. Akalikanyaga. Bati lilipiga kelele, likajikunja. Akaliinulia kisigino tena, akalikanyaga mpaka likawa bapa kama kiatu kilichopitiwa na lori.

"Mama," alimwambia yule mwenye ndoo, "hapa ukitua kilo tano, utaondoka na mbili. Kuna mstari ukutani pale. Muulize Limi, atakusomea."

"Generoza!" Makarius alisema. "Ukivuka barabara hiyo usirudi."

Aliivuka. Hakuingia ndani kuchukua nguo. Kile kitenge cha Mikumi alikifungua kiunoni alipofika ng'ambo, akabaki na gauni lake, akakitundika kwenye ua wa watu. Kisha akashika njia ya Kisanga, kwa mama yake, kwenye ardhi ya kina mama ambako Kasiani alikuwa anasoma na ambako Makarius, akija, angekuwa mgeni wa kubisha hodi.

Nyuma yake alisikia hendeli ikizungushwa, injini ikikohoa, ikashika. Kwa hiyo kuna mtu aliyetua ndoo. Mwenye njaa atafanyaje, na mashine ya darajani ni mbali, na nani ajuaye kuna fimbo ya aina gani huko. Hakugeuka amtazame ni nani. Alitembea huku ameuma meno, na kabla hajafika kwenye kona ya barabara sauti ikamfikia, mara tatu, bila haraka: pu, pu, pu.

Akaongeza mwendo. Hakurudi tena.